Nyumba za skuli zimelala: tuziamsheje kabla ya Ramadhani ya 2027? (Lamu)

ZamuYaAsubuhi

Assalamu alaikum jamaa. Naomba msaada wa walimu wa michezo na walezi wa mabaraza ya wanafunzi, hasa walioko huku Lamu na Malindi.

Skuli ni ya mseto, ya kutwa, kisiwani Amu. Januari 2027 tutakuwa na wanafunzi kama 480: Gredi ya 10, Gredi ya 11 na Kidato cha 4, ambacho ndicho cha mwisho cha mfumo wa 8-4-4. Nyumba nne, yaani makundi ya wanafunzi ya kushindana, zipo, rangi zake zimepakwa ukutani, lakini ukimuuliza mtoto yu nyumba gani, hufikiri kwanza. Siku ya michezo hukimbia walewale kumi na wawili, waliobaki hukaa chini ya mwarobaini wakingoja kengele.

Nataka kuanza upya. Nigawe vipi watoto ili nyumba zilingane? Pointi zihesabiweje ili hata asiye na mbio awe na kazi? Uwanja ni mchanga, mita 95 kwa 55 hivi, na bajeti ni ndogo sana. Kuna wazo limetolewa kwamba tugawe kwa mitaa: Mkomani nyumba moja, Langoni moja, Shela na Matondoni moja, watokao Mokowe na Manda moja. Nalo naomba maoni.

---

KochaSabaki (Malindi)

Wa alaikum salaam mwalimu. La mitaa liache kabisa. Mkomani na Langoni wana utani na ushindani wa tangu enzi, na nyumba ya skuli ikifuata mtaa, ugomvi wa Jumamosi uwanjani utarudi nyumbani jioni na kuingia barazani kwa wazee. Tena idadi hazitalingana. Nyumba iwe mahali ambapo mtoto wa Shela na mtoto wa Mokowe wanafahamiana kwa mara ya kwanza.

Gawa kwa mtindo wa nyoka. Chukua darasa moja na jinsia moja kwa wakati mmoja, mfano wasichana wa Gredi ya 10. Wakimbize mita 60 kwenye kipindi cha michezo, waandike kuanzia mwenye kasi hadi wa mwisho. Kisha gawa hivi: wa kwanza nyumba A, wa pili B, wa tatu C, wa nne D, halafu urudi: wa tano D, wa sita C, wa saba B, wa nane A. Uendelee kwenda na kurudi. Kosa linalofanywa sana ni kuanza A kila mara, A-B-C-D, A-B-C-D. Hapo A hupata aliye bora katika kila wanne na D hupata wa mwisho, na baada ya watoto 480 tofauti ni kubwa mno. Kugawa kwa namba ya usajili nako kuna hila yake: mara nyingi wavulana na wasichana husajiliwa kwa mafungu, basi nyumba moja hujikuta na wavulana watupu.

Watoto wa Gredi ya 10 hawaingii wote siku moja. Waliochelewa usiwatupe popote penye nafasi, waweke kwenye orodha ya pili uendeleze nyoka pale ulipoachia. Ndugu wa tumbo moja waache nyumba moja, wazazi hupenda kujua washangilie upande gani.

Sasa pointi, na hapa ndipo nyumba nyingi hufia. Ukimpa mshindi pointi 10 na wa pili 5, watoto watatu wenye mbio wanatosha kuamua kombe, na wengine 117 wa nyumba hiyo wanaona wazi kwamba hawahitajiki. Mimi napendekeza 5-3-2-1 kwa mbio za mtu mmoja, 10-6-4-2 kwa za timu, na mtoto mmoja asishiriki zaidi ya michezo miwili ya peke yake pamoja na mmoja wa timu. Kisha weka pointi za ushiriki: hesabu waliomaliza angalau mchezo mmoja, gawa kwa idadi ya nyumba, zidisha kwa 40. Nyumba ya watu 120 iliyoingiza uwanjani 90 inapata 30. Iliyoingiza 66 inapata 22. Tofauti hiyo ya 8 ni sawa na kumshinda wa pili kwenye mbio mbili za timu, kwa hiyo nahodha atazunguka mwenyewe kumtafuta aliyekaa chini ya mwarobaini. Huhitaji kumhubiria.

Ili nafasi zipatikane, weka michezo ya watu wengi. Kuvuta kamba ni watu 8 kwa kila upande: madarasa matatu kwa jinsia mbili ni timu sita, watoto 48 kwa kila nyumba. Mbio za kupokezana timu sita za watu 4, hao 24. Umeshafika 72 kabla ya mbio za mtu mmoja na za magunia.

Kwa kuvuta kamba: usitumie kamba ya nailoni. Hunyumbuka, na ikikatika hurudi kama mjeledi. Tafuta ya katani au manila yenye unene wa milimita 32 hadi 40, hapo Lamu haikosekani kwa watu wa majahazi, ni saizi ya amari, kamba ya nanga. Urefu usipungue mita 33.5. Funga kitambaa katikati, na vingine viwili mita 4 kila upande wake. Marufuku kuizungusha kamba mkononi au kiganjani, kwani vidole hukatika hivyo. Wa nyuma tu ndiye huipitisha mwilini, chini ya kwapa na juu ya bega, bila fundo.

---

MamaNetiboli

Mwalimu, alichosema kaka KochaSabaki nakiunga mkono, nami naongeza jambo moja ambalo kwangu ni kubwa kuliko uwanja: *usimnyang'anye mtu pointi.* Skuli nyingi hukata pointi za nyumba mtoto mmoja akichelewa au akikosa soksi. Mkuu wa nyumba aonaye pointi zinakatwa kwa sababu ya Gredi ya 10 fulani, jioni atamshughulikia mwenyewe, na hapo umono, uonevu wa wanafunzi wageni, umeingia kupitia mlango wa nyumba. Kuchelewa kuna adhabu yake kwa aliyechelewa, na kuishie kwake. Nyumba iongezewe tu.

Kuhusu umono wenyewe, uandike kwenye kanuni za nyumba siku ya kwanza: hakuna kumtuma mgeni maji, hakuna kumwimbisha mbele ya watu, hakuna "ubatizo". Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza adhabu ya viboko na pia unyanyasaji wa kiakili, na mkuu wa nyumba afahamu kwamba hilo linamhusu naye. Badala yake, kila mwanafunzi wa Gredi ya 11 apewe wageni wawili wa Gredi ya 10 na kazi tatu zinazohesabika wiki ya kwanza: kuwaonyesha vyoo, maktaba na maabara, kuwafundisha wimbo wa nyumba, na kuwaandikisha mchezo mmoja mmoja. Akimaliza, nyumba yapata pointi 1. Kidato cha 4 usiwape kazi hii, mwaka wao ni mfupi.

Rangi: fulana za nyumba zitakumaliza bajeti. Nunua kitambaa cha pamba chenye upana wa sentimita 115, uchane vipande vya sentimita 5, kila kipande ukate katikati. Mita moja inatoa vitambaa 40 vya mkononi vya sentimita 57 hivi. Nyumba ya 120 inahitaji mita 3, skuli nzima mita 12, ongeza moja moja ya akiba kwa kila rangi. Chana kwa mkono, usikate kwa mkasi: pamba hufuata uzi na hutoka imenyooka. Kabla ya kuchana, fua kitambaa chekundu peke yake mara mbili tatu hadi maji yatoke meupe. La sivyo, jasho la mbio za kwanza litachora mashati meupe ya sare na wazazi watakuja juu.

Wasichana. Hawakosi hamu, wanakosa maandalizi. Hijabu ya michezo iwe ya kitambaa kinachovutika, ya kuvaa kichwani moja kwa moja, bila pini hata moja. Pini ndiyo inayochoma watu kwenye netiboli. Suruali ndefu ya michezo na shati la mikono mirefu viruhusiwe waziwazi kwenye tangazo, maana usipoandika, wengi hubaki pembeni wakidhani watakataliwa. Ukiweza, fainali za wasichana ziendeshwe na walimu wanawake upande mmoja wa uwanja. Waliozoea kukaa chini ya mwarobaini wengi wao watainuka.

---

KambaNaKigingi

Uwanja wa 95 kwa 55 unatosha njia ya mita 200 yenye misitari ya wakimbiaji wanne. Msijaribu 400 kwa kuipinda pinda.

Simika vigingi viwili mita 40 mbali, katikati ya uwanja kwa urefu. Hivyo ndivyo vitovu vya mapinde. Fungia kamba ya mita 18.90 kwenye kigingi cha kwanza uchore nusu duara, kisha kwenye cha pili. Unganisha ncha kwa mistari iliyonyooka ya mita 40 kila upande. Huo ni mstari wa ndani. Mkimbiaji hupimwa sentimita 20 nje ya mstari wa chokaa, kwa hiyo nusu kipenyo cha kweli ni 19.10, mapinde mawili yanatoa mita 120, na nyoofu mbili 80. Ongeza mistari minne mingine kila mita 1.22. Ukijumlisha yote, utatumia mita 87.6 kwa 47.6, na ukingo wa kusimama watu unabaki.

Pembe mraba zipatikane kwa kamba ya mita 12 yenye alama kwenye 3 na 7: upande wa 3, wa 4 na wa 5. Usikadirie kwa macho.

Kinachoharibu ni kamba inayovutika. Ikirefuka sentimita 20 tu, duru nzima inaongezeka mita 1.26, na muda wa mtoto hauna maana tena. Tumia waya mwembamba au futi ya kupimia ya fundi ujenzi.

Kwa mbio za duru moja, kila njia inasogezwa mbele mita 7.67 kuliko iliyo ndani yake. Hii ni lazima. Bila hiyo wa nje anakimbia mita 23 zaidi ya wa ndani. Za kupokezana fanyeni 4×50, duru moja, ili msogezo uwe huohuo. Eneo la kupokezana liwe mita 20, mita 10 kabla ya alama na 10 baada yake. Ile mita 30 ya mashindano rasmi ni ya 4×100, kwenu itakula zaidi ya nusu ya mita 50 za kila mkimbiaji.

Mchanga wa Lamu na upepo wa kaskazi: chokaa kavu hupeperuka kabla ya gwaride kwisha. Chora kwanza mfereji mdogo kwa ncha ya jembe, kina cha sentimita 3, kisha mimina chokaa iliyokorogwa na maji iwe kama uji. Au lazeni kamba ya makumbi juu ya mstari na kuibana kwa misumari ya inchi sita iliyopindwa, ila iwe imelala kabisa, isije ikamkwaza mtu. Chokaa iwe iliyokwisha zimwa. Ile mbichi huunguza macho na ngozi, na watoto huanguka kifudifudi kwenye mapinde.

---

ZamuYaAsubuhi

Jazakumullahu kheri nyote. La mitaa nimelifuta. Mawili bado yananitatiza. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa karibu na tarehe 8 Februari, mwezi ukiandama, yaani katikati ya muhula wa kwanza, ambao ndio wa riadha. Na mwalimu mkuu angependa pawe na shindano la kuogelea kwa kuwa sisi ni watu wa bahari. Je, yawezekana kwa usalama?

---

KochaSabaki

Riadha imalize mapema. Wiki ya kwanza gawa nyumba, ya pili fanya mchujo ndani ya vipindi vya michezo, fainali Jumamosi tarehe 23 Januari. Anza saa moja kasorobo asubuhi, maliza saa nne na nusu. Kaskazi ni kavu, na mchanga wa saa sita huchoma nyayo. Weka madumu mawili ya lita 20 ya maji kwa kila nyumba na kijana mmoja wa kuyajaza, ambaye naye hesabu kama mshiriki. Mpiga saa, mwandishi wa matokeo, mbeba kamba, wote wahesabiwe.

Ramadhani isiue nyumba, ibadilishe mchezo. Bao linafaa sana: mashimo 32, kete 64, wachezaji wawili, na huhitaji jasho. Chemsha bongo na dama pia, saa ya mapumziko, dakika 30, kila nyumba itoe watu wapya kila wiki ili pointi za ushiriki ziendelee. Wasiofunga wasisahauliwe kwenye ratiba.

Na matokeo yabandikwe ubaoni kila Alhamisi kabla ya kengele ya mwisho. Ijumaa kila mtu ana haraka ya Jumaa, hakuna asomaye. Ubao usioandikwa wiki mbili huwa umekufa.

---

MajiMafu

Mwalimu, kuogelea kwawezekana, ila siku ichaguliwe na mwezi, isichaguliwe na ofisi.

Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huku kwetu maji hujaa karibu saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hutoka kabisa saa nne, saa tano asubuhi. Ukiita watoto asubuhi ya bamvua watakuta matope, na ukiwaita maji yakiwa nusu, mkondo wa mlango wa Lamu una nguvu isiyofaa mwanafunzi. Maji mafu ni kinyume: hujaa saa nne hadi saa tano za asubuhi na mkondo ni mpole. Huja karibu na tarehe 8 na tarehe 22 au 23 za mwezi wa Kiislamu. Kwa kalenda yenu, Jumamosi tarehe 30 Januari inaangukia hapo hapo. Thibitisha kwenye jedwali la maji la mwaka huo na kwa manahodha wa hapo gatini.

Watoto waogelee sambamba na ufuo, mita 50, wasiogelee kwenda nje. Maji yawe ya kifuani kwa aliye mfupi kuliko wote. Kamba yenye maboya iwekwe upande wa nje, na nje yake mashua mbili zenye watu wazima wanaojua kuokoa, si watazamaji. Kila mbio watu sita tu, wahesabiwe wakiingia na wakitoka, na mtu mmoja asifanye kazi nyingine yoyote ila kuhesabu. Barua ya ruhusa ya mzazi iwe na swali la kifafa na pumu. Asiyepita jaribio la kuelea dakika mbili asiingie, hata akilia. Kusi likija, kuanzia Aprili, msirudie tena hadi bahari itulie.

Wanaotoka Mokowe na Manda wapangiwe boti na jaketi zao siku zote za mashindano, na warudi kabla ya magharibi.

---

FundiVina

Nimeona wengi mmesema ya uwanja na pointi, wimbo umetajwa mara moja tu, nao ndio utakaomfanya mtoto ajue yu nyumba gani.

Majina kwanza. Kama nyumba zina majina ya watu wasiowafahamu, badilisheni. Pepo zinafaa: Kaskazi, Kusi, Matlai, Umande. Hakuna mkubwa wala mdogo, wakati majina ya vyombo yana ubaya huo, hakuna atakayetaka kuwa Dau mbele ya Jahazi.

Wimbo uandikwe kwa kipimo cha utenzi, maana mtoto wa Lamu anacho masikioni tayari: mistari minne, mizani 8 kila mstari, mitatu ya kwanza kina kimoja, wa nne una kina chake kinachorudi kila ubeti. Mfano wa nyumba ya Kusi:

Kusi leo imefika
Tanga letu lafutuka
Chombo mbele chatoweka
Mashindano twayaweza

Tulianza kwa salamu
Kwa adabu na nidhamu
Na miguu ina hamu
Kwa kikombe twamaliza

Kiongozi aimbe mistari mitatu, nyumba yote iupokee wa nne mara mbili. Beti tatu zinatosha, zikizidi hazikaririki. Mizani ikipungua moja tu, makofi yatapotea kwa watu 120, kwa hiyo hesabuni kwa vidole kabla ya kufundisha. Pigeni makofi kwenye silabi ya kwanza na ya tano.

Tungo za kusuta mtu kwa jina, umbo au kabila zipitiwe na mwalimu wa Kiswahili kabla ya siku. Kijembe kwa nyumba nyingine ni halali, kijembe kwa mtu si halali. Mpe mshindi wa utunzi pointi 10 kama za mbio za timu, kwani kila nyumba ina mtoto mnyonge wa miguu ambaye ulimi wake unatosha jahazi zima.

Ngoma: madumu matupu ya lita 20 yanatosha, mawili kwa nyumba, yakipigwa kwa vijiti vilivyofungwa kitambaa nchani. Wasichana wakitaka vugo, waombeni kina mama wa mtaani wawafundishe mapigo. Zote zinyamaze dakika 15 kabla ya adhana. Wekeni mtu mmoja wa kuangalia saa, na msikiti wa jirani upelekewe habari mapema, wiki moja kabla.

---

MamaNetiboli

Shukrani FundiVina. Mwalimu, wimbo uanze kufundishwa siku ileile ya kugawa nyumba, vitambaa vikiwa vinagawiwa. Kila nyumba mahali pake, dakika 20. Msingoje wiki ya fainali.

---

ZamuYaAsubuhi

Nimeandika yote. Nitaanza na kitambaa na amari wiki hii, kisha tupime uwanja kwa waya kabla skuli hazijafungwa. KambaNaKigingi, vigingi viwili vya vitovu naviacha ardhini vikiwa vimezikwa, au niving'oe?

---

KambaNaKigingi

Vizikeni. Chuma cha nondo cha sentimita 60, kichwa kiwe sentimita 15 chini ya mchanga ili asijikwae mtu, na mpime umbali wa kila kimoja kutoka pembe mbili za ukuta wa darasa, muandike kwenye daftari la michezo. Mwaka 2028 mtapata uwanja uleule kwa nusu saa.